Maswali ya wasomaji: Miaka nane jina langu liko kwenye shukrani tu

Jamani mwezi huu mmeniandikia kama mlikubaliana. Barua kumi na kitu, na zaidi ya nusu zinazunguka jambo hilohilo, utafiti wa afya, nani anauongoza, alifikaje hapo, na hao wanaoitwa washauri wanalipwa na nani. Nadhani ni hii hali ya fedha za Marekani kusimamishwa, maana hapa Moshi ukipanda daladala ya kwenda KCMC, hospitali yetu ya rufaa, hukosi mtu ambaye mwaka juzi alikuwa na mkataba wa mradi na saivi anauza vifaa vya simu au amerudi kwao Kibosho kulima parachichi. Nimechagua barua tatu.

"Shikamoo Mama. Mi ni binti wa miaka 34, naishi Rau. Nilianza kama tabibu, nikajiendeleza mpaka nikapata masters ya afya ya jamii. Nimefanya kazi za utafiti miaka 8, nilianza na kuhoji nyumba kwa nyumba mpaka nikawa koodineta. Mi ndo nilikuwa napigiwa simu saa nane usiku sampuli zikikwama. Mwaka jana mradi umefungwa, nikaenda kutafuta makala zilizotoka, ziko 6, jina langu halipo hata moja, nipo kwenye shukrani chini kabisa baada ya dereva. Kuna kijana alikuja toka nje akakaa miezi 4, yeye ni mwandishi wa pili. Nataka siku moja niwe mtafiti mkuu. Wengine wananiambia nikasome PhD, wengine niende Arusha nikafanye konsaltansi. Hela sina. Nianzie wapi? Mchovu wa Rau."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika, sa ngoja nianze na hilo la jina afu tuje kwenye kupanda.

Majarida makubwa ya tiba yanafuata masharti ya kamati ya wahariri inayoitwa ICMJE. Masharti ni manne na lazima yatimie yote: uwe umechangia kwa maana kwenye kubuni utafiti au kukusanya au kuchambua takwimu, uwe umeandika au umeipitia rasimu kwa kina, uwe umeikubali ile ya mwisho, na uwe tayari kujibu maswali juu yake. Sa angalia ulipobanwa. Sharti la kwanza ulikuwa nalo tangu siku unabisha hodi nyumba za watu. La pili ndo hukupewa, rasimu haikufika kwako, na isipofika hayo mengine unayatimizaje? Lakini masharti hayohayo yanasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye kuandika, yani sio hisani ya mtu. Wengi wa chini hawalijui hilo, na wa juu wanaolijua hawana haraka ya kulisema.

Kwahiyo mradi ujao usisubiri makala. Kikao cha kwanza kabisa, watu bado wanagawiwa fulana, uliza makala zipi zitaandikwa na nani ataongoza ipi, afu jioni tuma barua pepe fupi ya kukumbushia mlichokubaliana. Usilalamike, uliza tu kama unavyouliza ratiba ya gari. (Na huyo dereva usimnunie, nimeona mradi mzima ukiokolewa na dereva anayejua njia za Mabogini wakati wa masika.)

Zile sita sidhani kama utazirudisha. Ila kila mradi mkubwa unaacha takwimu ambazo hakuna aliyezigusa, na we unazijua kuliko huyo wa miezi minne, unajua ule ukurasa wa saba wa dodoso watu walikuwa wanajibu kwa kukisia, unajua kijiji gani wanaume walikuwa wanajificha. Tafuta humo swali moja dogo, mwandikie mtafiti mkuu wako wa zamani kurasa mbili, muombe ruhusa uliandike wewe kama mwandishi wa kwanza, kibali cha maadili kirekebishwe kama inabidi. Akikataa hujapoteza kitu, na wengi wanakubali, kwa sababu makala unayoandikiwa na mtu mwingine ni makala ya bure.

Na usidhani swali lazima liwe kubwa. Hapa kwetu kuna moja lililotutoa usingizini na lilikuwa la kawaida kabisa, hivi hawa wote tunaowalaza kwa malaria wana malaria kweli? Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 wakachukuliwa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi. 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vilipokamilika, ambao homa yao kweli ilitokana na malaria walikuwa 14. Kumi na nne! Baadhi ya waliobaki walikuwa na homa ya mgunda, homa ya Q, brusela, vitu vya mifugo ambayo wengi wetu tunalala nayo ukuta kwa ukuta. Sasa niambie, kuna nesi wa wodi ambaye alikuwa hajawahi kujiuliza hilo swali? Wote walishajiuliza, wakaenda kunywa chai. Wachache ndo waliliweka kwenye andiko, wakalitafutia fedha na vibali, wakalikalia mpaka makala ikatoka mwaka 2013.

Hiyo miaka katikati ndo kazi yenyewe ya kuongoza. Nikupe aibu yangu. Mara ya kwanza kupewa mradi niuongoze nilikuwa najua takwimu, najua maadili, kuandika nikajiona bingwa. Pasaka ikafika, umeme ukakatika siku mbili, jenereta ipo lakini haina dizeli kwa sababu kwenye bajeti niliandika jenereta nikasahau dizeli. Friza la nyuzi hasi 80 likapanda taratibu mpaka sampuli za miezi minne zikawa supu. Mlinzi ananipigia, mi niko kanisani simu nimezima. Jumanne nikaanza kuandika barua, kwa mfadhili, kwa kamati ya maadili, afu nikaenda kukaa na wale waliotoa damu yao kuwaeleza imepotelea wapi, na hiyo ya mwisho ndo iliyoniumiza. Hakuna kozi iliyonifundisha dizeli. We ya dizeli unayajua tayari mwanangu, miaka 8 umeyala. Kilichobaki kwako ni kalamu na fedha.

Kwenye fedha elewa kitu kimoja. Miradi yetu mingi ilikuwa inaenda hivi, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, inatoa granti kwa chuo cha kwao, chuo kinamega kipande kinakituma huku. Ukiwa upande wa kipande hata uwe hodari vipi we ni mkono, kichwa kiko kwingine, na majina kwenye makala yanafuata ramani hiyohiyo. Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa, Mei NIH wakatangaza na ule utaratibu wa kumega kwa taasisi za nje unasimama mpaka waje na mwingine. Watu wakalia na mi nililia, lakini taasisi ambazo zilishajenga ofisi ya kupokea granti moja kwa moja, yenye mhasibu anayejibu barua pepe na hesabu zinazokaguliwa, hazikuyumba kama zile za vipande. Sa ukitafuta kazi nyingine usiulize mshahara tu, uliza fedha inaingia kwa jina la nani.

PhD. Kama unataka kuwa mtafiti mkuu wa miradi mikubwa, utaihitaji, wafadhili wengi wa ngazi hiyo wanaitaka na kubishana nao ni kupoteza nauli. Ila PhD ya kujilipia kwa mkopo wa SACCOS nakukataza kama mama yako. Tafuta iliyo ndani ya mradi, au ingia chuoni kwanza kama mhadhiri msaidizi afu uangalie CARTA, ule muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, ambao wamekuwa wakisaidia wafanyakazi wa vyuo shiriki wafanye uzamivu, au fuatilia matangazo ya EDCTP, ule mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba ulioanza 2003. TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto pale WHO (Shirika la Afya Duniani), nao wamekuwa na ufadhili wa kumpeleka mtafiti akakae hadi mwaka mzima kwenye kampuni ya dawa au taasisi kubwa akajifunze jaribio linavyoendeshwa, huo watu wa huku hawauchangamkii na sijui kwa nini. Na kabla hujakubali msimamizi yeyote waulize wanafunzi wake waliotangulia, anakaa na sura ya tasnifu uliyomuandikia siku ngapi ndo airudishe? Wakiangaliana wakacheka, kimbia.

Halafu usione aibu kwamba we sio daktari bingwa. Marehemu Dk. Mwele Malecela alisoma zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuwa daktari wa kutibu. Alifanya utafiti wa matende na mabusha, akaongoza mpango wa taifa wa kuyatokomeza, mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Desemba 2016 akatangaza matokeo ya utafiti wa Zika, kesho yake uteuzi wake ukatenguliwa. Miaka miwili baadae yuko Geneva, mkurugenzi wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya WHO, nafasi aliyokuwa nayo mpaka alipofariki 2022. Nakutajia yeye kwa makusudi, maana unavyoniandikia ni kama huko juu ni kupumzika. Huko juu ndo unakuta matokeo yako yana wenyewe wasioyapenda.

Na Arusha? Ni kweli kuna kazi. ECSA, ile jumuiya ya afya ya nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, makao yake ni pale. EAC ipo pale. (Ila tume ya utafiti wa afya ya EAC iko Bujumbura, nasema kwa sababu nina rafiki alipanda Coaster asubuhi na bahasha yake mpaka Arusha kwenda kuitafuta.) Lakini konsaltansi ukiingia bila makala hata moja yenye jina lako mbele, utakachopewa ni kukusanya takwimu za mshauri mwingine. Umetoka Rau umeenda kufanya kilekile Njiro, na kodi ya nyumba juu. Mtu anayenunua ushauri ananunua jina na uandishi. Kazi moja moja chukua za kula, soma hadidu za rejea mpaka mwisho, hesabu siku za kazi kwa ukweli, jua watakukata 5% ya kodi ya zuio na uombe cheti chake. Zaidi ya hapo tulia uandike hiyo makala kwanza.

"Habari za kazi dada. Mi ni mfamasia, niko Sakina, Arusha. Nimeletewa barua pepe niwe mjumbe wa bodi huru ya kuangalia usalama kwenye jaribio la dawa, wanaiita DSMB, vikao ni vichache na posho nzuri. Bosi wangu ni mmoja wa watafiti wa jaribio hilo, ye ndo alinipendekeza. Nikubali? Pia nimepewa dakika 10 niwasilishe matokeo yetu ya usugu wa antibiotiki kwa timu ya afya ya mkoa, nina slaidi 38, unanishaurije?"

Usikubali.

Bodi hiyo ndo watu pekee wanaofunguliwa takwimu katikati ya jaribio, wakati watafiti wenyewe hawajui nani anapata dawa na nani anapata ya kufananishia. Desemba 2006 majaribio ya tohara Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yalisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu bodi iliona waliotahiriwa wanapata maambukizi ya VVU kwa karibu nusu ya wenzao, ikawa sio haki kuendelea kuwasubirisha wale wengine. Umeona uzito wake. Sasa siku takwimu zikisema dawa inaumiza watu, we utanyoosha mkono kusema tusimamishe mradi wa anayekujazia fomu ya tathmini ya kazi? Na hata ukiweza, nani nje atakuamini? Waandikie leo, shukuru, tamka mgongano wa maslahi kwa sentensi mbili bila kumsema bosi. Watu wa hii kazi wanakumbuka aliyekataa kwa sababu safi, nina uhakika watakutafuta kwenye jaribio lingine. Na ningekuwa na bosi wako hapa ningemuuliza alikuwa anafikiria nini.

Wakati unasubiri, omba kuingia kamati ya maadili ya hospitali au chuo kilicho karibu. Ni kazi ya kusoma maandiko ya kurasa 90 usiku na posho yake haijengi hata choo, lakini utasoma maandiko mengi mabovu mpaka upate jicho, na jicho ndo mshauri analouza.

Slaidi 38 kwa dakika 10 ni fujo. Mi nilishafanya hivo, nilimfuata mganga mkuu wa wilaya mmoja na grafu zangu, nikaongea weee, nikamaliza, akanyamaza kidogo afu akaniuliza kwa upole, "Kwahiyo mama, ninunue nini na niache kununua nini?" Sikuwa na jibu! Nilikuwa na matokeo tu. Yeye ana bajeti ya dawa na robo mwaka inaisha Ijumaa. Peleka karatasi moja, mbele na nyuma. Mstari wa kwanza useme dawa ipi haifanyi tena kazi kwa vimelea vipi katika sampuli zenu, na zilikuwa ngapi. Unaofuata useme unashauri nini kibadilike kwenye oda ya robo ijayo na kitagharimu kiasi gani. Mbinu za maabara weka nyuma, atakayetaka atageuza. Na kama sampuli zenu zilitoka hospitali moja tu sema wazi kabla hujaulizwa, usije ukaushauri mkoa mzima kwa takwimu za wodi moja.

"Mwandishi, mimi ni mzee wa Machame. Binti yangu amemaliza udaktari, nimeuza kahawa na ng'ombe kumsomesha. Sasa anasema akimaliza mafunzo ya vitendo hataki kukaa wodini, anataka awe mtafiti na baadae mshauri wa mambo ya afya. Mama yake hali chakula. Majirani wanatuuliza anatibu wapi. Hiyo ni kazi kweli?"

Shikamoo baba. Ni kazi.

Baba yangu, hapo Siha mna Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu tangu 1926, na najua Machame hakuna ukoo usiokuwa na mtu aliyewahi kulazwa pale. Miaka ya nyuma mwenye kifua kikuu sugu alikuwa anakula dawa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na sindano kila siku miezi kadhaa, sindano ambazo ziliua masikio ya wengine wakapona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2022 WHO ikaidhinisha mpangilio wa vidonge vya miezi 6, sindano hakuna. Daktari wa wodini hata awe mzuri namna gani hawezi kuipunguza hiyo miezi peke yake, yeye anatoa dawa iliyopo. Kuna watu walikaa na maandiko, wakaomba vibali, wakafuatilia wagonjwa mpaka milimani, wengine wao hawajashika mgonjwa miaka mingi. Binti yako anataka kuwa mmoja wao. Hata chanjo ya malaria iliyopitishwa 2021, kabla ya hapo watoto zaidi ya elfu 15 walifuatiliwa katika vituo 11 vya nchi 7, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo, na kila kituo kilikuwa na madaktari kama yeye.

Nisikufiche, mama yake ana haki ya kuogopa. Hospitali ya serikali ina ajira ya kudumu na pensheni, utafiti una mikataba ya mwaka, miwili, mradi ukiisha unaanza upya, barua ya kwanza hapo juu baba isome. Nami ningemwambia asiruke moja kwa moja. Amalize mafunzo ya vitendo, asajiliwe na Baraza la Madaktari na leseni aihuishe kila wakati hata kama hatibu, maana hiyo ndo akiba yake. Afanye kazi wodini miaka miwili mitatu, hapo ndo maswali yanapatikana, mtafiti ambaye hajawahi kuchoka wodini huwa anauliza vitu vya ajabu sana. Huo ushauri anaousema utakuja wenyewe akiwa na miaka 45, hakuna anayeshauriwa na mtu wa miaka 27 na akalipa.

Msalimie mama, mwambie ale. Na huyo ng'ombe aliyebaki usimuuze, masters ya binti atafute ufadhili mwenyewe.